Kuvunda na Kuvundika: Habari ya Samaki wa Chumvi

Lugha ya Kiswahili ina vitenzi viwili ambavyo sura zake zinafanana kama ndugu, lakini hukumu zake zimeachana. Kitu kikivunda kimeharibika. Chatoa uvundo, na mahali pake ni jaani. Walakini ndizi zikivundikwa, zikafunikwa majani na kuachwa gizani siku chache, hutolewa zimeiva, zina rangi na utamu, na mwenye nyumba huwawekea wageni wake bila ya haya. Baina ya mambo mawili haya hapana tofauti ya giza, wala ya joto, wala ya siku. Tofauti ni kwamba katika kuvundika pana mkono wa mtu, pana kipimo, na pana kusudi.

Hapana taifa duniani lisilokuwa na chakula ambacho mgeni akikisikia harufu yake huziba pua, na mwenyeji akikikosa huona unyonge. Vyakula vya namna hii ni vingi, na aghalabu hutajwa kwa kuchekesha. Lakini historia yake si ya kuchekesha. Ni historia ya njaa na ya kuepuka njaa, ya bei ya chumvi, ya mvua na jua, na ya dharau ambayo watu wa pwani moja waliwatupia watu wa pwani nyingine. Katika vyakula vyote hivyo, shahidi aliye bora ni samaki, kwa kuwa hapana nyama iharibikayo upesi kuliko yake. Mithali yasema kuwa samaki mmoja akioza, wote wameoza. Mvuvi wa zamani, ambaye hakuwa na barafu, aliisikia mithali hiyo kama tishio la kweli: wavu uliojaa asubuhi ulikuwa uvundo jioni. Kwa hiyo kila watu wakaao kando ya maji walilazimika kutafuta jibu la swali moja, nalo ni jinsi ya kumzuia samaki asivunde, au jinsi ya kumvundika.

Habari za kale zilizoandikwa juu ya jambo hili zinaanza kwa jina la dharau. Mwaka 325 kabla ya Kristo, Iskandari Mkuu alipokuwa akirudi kutoka Bara Hindi, alimwamuru jemadari wake Nearchus apitishe merikebu kutoka mlango wa mto Indus hadi Ghuba ya Ajemi. Simulizi ya safari ile imehifadhiwa katika kitabu cha Arrian. Katika pwani kame ya Makran mabaharia walikuta watu ambao Wayunani waliwaita Ichthyophagi, maana yake Wala-Samaki. Watu hao waliwala wabichi samaki waliokuwa laini. Wakubwa na wagumu waliwaanika juani mpaka wakakauka, wakawatwanga kuwa unga, na unga ule wakaufanya mikate. Hata mifugo yao ililishwa samaki wakavu, kwa kuwa nchi haikuwa na majani, na nyama ya kondoo wao ilikuwa na ladha ya samaki. Jina lile likaenea. Kitabu cha mabaharia kiitwacho Periplus, cha karne ya 1, ambacho chautaja pia mji wa Rhapta katika pwani ya Azania, chawataja Wala-Samaki katika pwani za Bahari ya Shamu.

Mtu aliyepewa jina kwa ajili ya chakula chake amekwisha kuhukumiwa kabla ya kusikilizwa. Walakini maelezo yale yale ya Wayunani yanatosha kuwatetea watu wa Makran. Nchi haikuwa na mvua, kwa hiyo haikuwa na nafaka. Haikuwa na kuni nyingi, kwa hiyo haikuweza kupika sana. Lakini ilikuwa na samaki wasiohesabika na jua lisilolipiwa. Unga wa samaki ulikuwa ghala ya nchi isiyokuwa na ghala nyingine. Na wenye hekima hii hawakupotea upesi. Mwishoni mwa karne ya 13, Marco Polo aliandika habari za mji wa Esher, ndio Shihri ya Arabuni ya kusini, akasema kuwa ng'ombe, kondoo, ngamia na farasi wa huko hulishwa samaki wadogo wakavu, na kwamba watu hukata samaki vipande, wakavianika, wakavila mwaka mzima kama biskuti. Yapata mwaka 1331, Ibn Battuta alisafiri kutoka Kilwa moja kwa moja mpaka Dhofar. Akastaajabu kuona kuwa mifugo ya Dhofar hulishwa dagaa, na akasema hakupata kuona jambo hilo mahali pengine. Baina ya Nearchus na Ibn Battuta imepita miaka zaidi ya 1,600, na chakula ni kile kile. Desturi iliyodumu muda huo haiwezi kuwa ujinga.

Sasa twende Roma, ambako samaki aliyevundikwa hakuwa chakula cha watu wa jangwani bali pambo la meza za wakubwa. Warumi walikuwa na mchuzi ulioitwa garum. Ulitengenezwa kwa matumbo na damu ya samaki, au kwa samaki wadogo wazima, waliochanganywa na chumvi nyingi na kuachwa juani kwa majuma au miezi, mpaka nyama ikayeyuka na maji yenye rangi ya kahawia yakajitenga. Maji hayo yalichujwa, yakatiwa katika mitungi, yakasafirishwa nchi zote za dola. Mahodhi makubwa ya kazi hiyo yamefukuliwa Baelo Claudia katika Hispania na Lixus katika Moroko. Mjini Pompeii alikuwako tajiri mmoja wa biashara hii, Aulus Umbricius Scaurus, ambaye katika sakafu ya ukumbi wa nyumba yake alinakshi kwa vijiwe sura za mitungi ya mchuzi wake pamoja na maneno ya kuusifu. Hakuona aibu ya mahali ilikotoka mali yake. Aliiweka pale ambapo kila mgeni angeikanyaga na kuisoma.

Plinio Mkubwa, aliyekufa mwaka 79 katika mlipuko wa mlima Vesuvius, aliandika kuwa garum iliyo bora ilitoka Cartagena ya Hispania, nayo ilifanywa kwa samaki wa jamii ya vibua. Bei yake ilikuwa yapata sesterce 1,000 kwa congius mbili, ambazo ni karibu lita 6 na nusu. Askari wa kawaida wa Roma katika zama zile alilipwa sesterce 900 kwa mwaka. Maana yake, mchuzi wa lita zisizotimia saba wa samaki aliyevundikwa ulishinda mshahara wa mwaka mzima wa mtu aliyelinda mipaka ya dola. Na Plinio huyo huyo hakuficha kwamba kitu hiki ni maji ya vitu vinavyooza. Seneca, mwanafalsafa, alikwenda mbali zaidi, akaufananisha na usaha wa samaki wabaya na akaulaumu kwa kuunguza matumbo ya wenye kuunywa. Basi hata Roma yenyewe ilikuwa na nafsi mbili juu ya jambo hili: ulimi ulinunua na fikira ilichukizwa. Lakini garum haikubaki kuwa ya matajiri tu. Amri ya bei iliyotolewa na mfalme Diocletian mwaka 301 ilitaja mchuzi wa samaki wa daraja ya kwanza na wa daraja ya pili, kama ilivyotaja bidhaa nyingine za sokoni. Na vipande vya mitungi yake vimefukuliwa hata Uingereza, katika ngome za kaskazini.

Dola ya Roma ilipovunjika upande wa magharibi, njia za chumvi na za mitungi zilikatika, na garum ikatoweka katika meza nyingi za Italia. Upande wa mashariki, Konstantinopoli, iliendelea. Mwaka 968 Liutprand, askofu wa Cremona katika Italia, alitumwa na mfalme Otto wa Kwanza kwenda kwa mfalme Nikephoros Phokas. Ujumbe wake haukufaulu, naye alirudi na hasira akaandika kitabu cha lawama. Miongoni mwa lawama zake ni chakula alichoandaliwa, ambacho, kwa maneno yake, kililowa mafuta na maji mengine mabaya mno ya samaki. Hapa pana somo kubwa kwa mwanafunzi wa historia. Askofu huyu alikuwa Mwitalia, tena akijivunia urithi wa Roma mbele ya Wayunani. Na kitu alichokitemea mate kilikuwa kile ambacho babu zake wa Italia walikinunua kwa mshahara wa askari. Mchuzi haukubadilika, kumbukumbu ndiyo iliyokatika. Dharau ya chakula mara nyingi si kutokujua tu, bali ni kusahau. Hata hivyo kusahau kwenyewe hakukuwa kamili: katika kijiji cha Cetara, karibu na Amalfi, watu wanatengeneza mpaka leo maji ya dagaa wa chumvi yaitwayo colatura, ambayo ni jamaa wa karibu wa garum.

Inafaa sasa kueleza kinachotendeka ndani ya pipa, kwa maana bila ya maelezo haya mtu ataona kuwa jambo lote ni bahati. Samaki akifa huanza kuliwa na maadui wawili. Wa kwanza ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo humwozesha na kutoa sumu na uvundo. Wa pili ni vimeng'enya vya mwili wake mwenyewe, hasa vya tumboni, ambavyo huanza kumyeyusha. Chumvi ikiwa nyingi huvuta maji kutoka katika nyama, na vijidudu vingi vibaya haviwezi kuishi. Lakini vimeng'enya huendelea na kazi yake polepole, vikiikata protini vipande vidogo vidogo. Katika vipande hivyo mna glutamati, ambayo ladha yake ilielezwa kwa elimu ya kemia na Ikeda Kikunae wa Tokyo mwaka 1908, akaipa jina la umami. Kwa ajili hiyo si ajabu kwamba watu wa Vietnam, mbali kabisa na Roma, wana mchuzi wa namna ile ile, nuoc mam, unaotengenezwa kwa dagaa na chumvi katika mapipa makubwa ya mti, na kuachwa yapata mwaka mzima. Mwaka 2012 Jumuiya ya Ulaya ililitia katika ulinzi wa sheria jina la mchuzi wa kisiwa cha Phu Quoc, kama inavyolinda majina ya mvinyo na jibini zake. Bara lililomsikiliza Liutprand likaja likaukubali kwa mhuri mchuzi wa samaki.

Lakini chumvi si ya wote. Ili chumvi ipatikane kwa bei nafuu panahitajiwa jua kali la kukausha maji ya bahari, au kuni za kuyachemsha, au mgodi. Katika kaskazini ya Ulaya jua ni dhaifu, na maji ya Bahari ya Baltiki yana chumvi kidogo sana. Kwa hiyo wavuvi wa kaskazini ya Uswidi walijifunza kumtia samaki wa heringi chumvi kiasi cha kuzuia uozo mbaya tu, na kuacha uchachu uendelee. Chakula hicho huitwa surströmming, maana yake heringi mchachu. Samaki huvuliwa wakati wa masika ya huko, hulowekwa katika maji ya chumvi, huchacha kwa majuma, kisha hutiwa makoponi, na uchachu huendelea ndani ya kopo mpaka kopo likavimba. Kwa desturi makopo mapya hufunguliwa tangu Alhamisi ya tatu ya mwezi wa Agosti, tena nje ya nyumba, na samaki huliwa kwa mkate mwembamba, viazi na vitunguu. Mwaka 2006 mashirika mawili makubwa ya ndege ya Ulaya yalikataza makopo hayo yasipakiwe, yakayahesabu pamoja na vitu viwezavyo kupasuka. Wenye kuyatengeneza walilalamika, na malalamiko yao yalikuwa na sauti ya zamani: sauti ya watu wanaoambiwa kuwa desturi yao ni hatari.

Kisiwani Aisilandi taabu ilikuwa kubwa zaidi. Miti ilikuwa haba, kwa hiyo kuni za kuchemshia chumvi zilikuwa haba. Bahari yake ilikuwa na papa wa Greenland, aliyewindwa hasa kwa ajili ya mafuta ya ini, ambayo katika karne za 18 na 19 yaliuzwa Ulaya na kuwasha taa za miji. Nyama yake ikiwa mbichi ni sumu, kwa kuwa ina dutu ambayo ndani ya mwili wa mlaji hugeuka kuwa kitu cha kulevya na kudhuru. Watu wa Aisilandi hawakuitupa. Waliifukia katika changarawe kwa majuma, maji yake yakavuja. Kisha wakaitundika katika vibanda vyenye kupitisha upepo kwa miezi. Sumu ikapungua, harufu ya amonia ikabaki, na nyama ikaliwa. Huitwa hákarl. Katika karne ya 19, Aisilandi ilipokuwa ikidai uhuru wake kwa Denmark, wanafunzi na wasomi wake walifufua karamu ya kale ya katikati ya majira ya baridi, na baadaye vyakula vya mababu, papa huyu miongoni mwao, vikawa alama ya karamu hiyo. Chakula cha dhiki kikageuka kuwa bendera ya taifa.

Wajapani walifuata njia nyingine, kwa maana walikuwa na mchele. Kando ya ziwa Biwa, samaki wa maji baridi aitwaye nigorobuna hutiwa chumvi kwa miezi, huoshwa, kisha hupangwa katika pipa pamoja na wali, akagandamizwa kwa mawe na kuachwa tena kwa miezi au hata miaka. Wali huchacha, na uchachu huo humlinda samaki asioze. Zamani wali ulitupwa na samaki peke yake akaliwa. Kitabu cha sheria kiitwacho Engishiki, kilichokamilishwa mwaka 927, chataja samaki wa namna hii miongoni mwa vitu ambavyo majimbo yaliviletea serikali kuwa kodi. Jina lake lilikuwa sushi, neno lenye asili ya uchachu. Karne zilipopita watu walipunguza siku za kungoja, wakala na wali pia. Mwishowe, katika mji wa Edo, mwanzoni mwa karne ya 19, siki ilitiwa katika wali ili kuupa uchachu kwa dakika badala ya miezi, na kipande cha samaki kikawekwa juu kwa mkono. Hanaya Yohei, aliyeishi baina ya 1799 na 1858, ndiye anayesifiwa zaidi kwa ufundi huo. Leo ulimwengu mzima wajua sushi kwa maana ya samaki mbichi kabisa, ilhali jina lile lakumbusha samaki aliyevundikwa.

Haitakuwa haki kusimulia sifa hizi na kunyamaza juu ya hatari. Si kila karaha ni ujinga, wala si kila onyo la daktari ni dharau. Katika Misri kuna samaki wa jamii ya mkizi aitwaye fesikh, ambaye huliwa siku ya Shamm an-Nasim, sikukuu ya masika iangukayo siku ya pili ya Pasaka ya Wakopti, na Waislamu na Wakristo huisherehekea pamoja. Samaki huyu huachwa kwanza avimbe, kisha hutiwa chumvi na kuwekwa kwa muda mrefu. Mtengenezaji aliye stadi ajua kiasi chake. Mwezi wa Aprili mwaka 1991, mjini Cairo, watu 91 walilazwa hospitalini kwa sumu iitwayo botulini baada ya kula fesikh, na 18 miongoni mwao wakafa. Vifo vile havikutoka katika desturi peke yake. Vilitoka katika desturi iliyopungukiwa na maarifa yake. Kuvunda na kuvundika hutenganishwa na kipimo cha chumvi, hesabu ya siku, na usafi wa chombo. Kipimo hicho kikipotea, hubaki mazoea tu, na mazoea hayamlindi mtu.

Pwani ya Waswahili nayo ina sehemu yake katika habari hii, tena si ndogo. Samaki hupasuliwa, hutiwa chumvi na kuanikwa juani, akaitwa ng'onda. Na katika wote waliwao wakavu, aliye na jina na harufu ni papa. Harufu yake si ya uchafu. Papa, kama jamii yake yote, huhifadhi yurea katika damu na nyama yake ili mwili wake ulingane na ukali wa maji ya bahari. Akifa, vijidudu huigeuza yurea ile kuwa amonia, na nyama isiyotiwa chumvi upesi huwa kali kiasi cha kutolika. Chumvi na jua huizuia hali hiyo. Na mpishi huikamilisha kazi kwa kumroweka papa, kumwaga maji, kumchemsha, kuyamwaga maji tena, ndipo akamchambua na kumtia katika nazi na ndimu. Elimu ya kemia haikuongeza hatua hata moja katika mapishi haya. Ilieleza tu kwa nini kila hatua ni ya lazima. Mwanamke wa Unguja na mwanamume wa Aisilandi, ambao hawakupata kusikiana, walikabiliwa na samaki wa jamii moja na taabu moja, wakaishinda, mmoja kwa chumvi na mwingine kwa changarawe na upepo.

Tena papa mkavu alikuwa bidhaa ya safari. Kwa karne nyingi majahazi ya Omani na Hadhramauti yaliteremka na kaskazi yakileta tende, chumvi na samaki mkavu katika bandari za Lamu, Mombasa na Zanzibar, na kusi ilipovuma yakarudi na boriti za mikoko na nafaka. Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alisafiri katika jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939 kutoka Aden mpaka Zanzibar na mdomo wa Rufiji, akaiandika biashara hiyo ya misimu ilipokuwa karibu na jua lake la kuchwa. Mpaka leo Waomani humla papa mkavu na kumwita awal. Na lugha imehifadhi ushahidi wake: watu wa Hadhramauti waliokuja na kukaa katika pwani hii waliitwa Washihiri, kwa jina la ule mji wa Shihri ambao Marco Polo aliusimulia kwa samaki wake wakavu. Basi wale ambao Wayunani waliwaita Wala-Samaki walikuwa, kwa karne nyingi, majirani wa bahari moja, na kitoweo chao kikawa kitoweo cha pwani hii.

Zamani hatari iliyovikabili vyakula hivi ilikuwa dharau. Siku hizi hatari ni kwamba bahari yenyewe yapungukiwa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa papa na taa wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 tangu mwaka 1970, na sababu yake kubwa ni uvuvi uliopita kiasi. Mwezi wa Novemba mwaka 2022, katika mkutano wa mataifa uliofanywa Panama, biashara ya kimataifa ya papa wa jamii ya Carcharhinidae, ambamo wamo wengi waliwao, iliwekwa chini ya ulinzi wa mkataba. Papa wa Greenland naye alichunguzwa mwaka 2016, ikaonekana kuwa aweza kuishi miaka isiyopungua 272, na kwamba jike huhitaji yapata miaka 150 ndipo apevuke. Samaki wa namna hiyo hawezi kurudishwa upesi akimalizwa. Katika ziwa Biwa nigorobuna amekuwa haba tangu matete ya ufukoni yalipoondolewa na samaki wakali wa kigeni walipoingizwa. Watu wa kale walivundika samaki kwa sababu siku moja walipata wengi mno na siku nyingine hawakupata kitu. Walihifadhi ziada. Ufundi wa ziada hauna kazi pasipo ziada, na sheria inayomlinda papa yaweza kuwa ndiyo inayomlinda pia mchuzi wake, ikiwa itatiiwa kabla wakati haujapita.

Kwa hiyo mambo mawili yanastahili kutenganishwa, ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni hukumu ya pua, ambayo historia imeonyesha kuwa haiaminiki: iliwacheka Wala-Samaki waliokuwa na hekima, ikamchukiza Liutprand kwa urithi wake mwenyewe, na ikasifu leo kilichotupwa jana. La pili ni hukumu ya kipimo: chumvi kiasi gani, siku ngapi, samaki wangapi wabaki baharini. Hukumu hii hujifunzwa kwa vizazi na hupotea kwa kizazi kimoja. Wenye kuijua katika pwani hii ni wavuvi, wachuuzi na wapishi, na maarifa yao yamo zaidi katika maneno yao kuliko katika vitabu. Kuyakusanya maneno hayo ya kupasua, kuanika, kuroweka na kuvundika, pamoja na maana yake kamili, ni kazi ya wanafunzi wa lugha kama ilivyo kazi ya wanafunzi wa historia. Neno likifa bila ya kuandikwa, watakaokuja nyuma watabaki na shombo peke yake, wasijue kwamba palikuwa na elimu ndani yake.